Mguu wangu na hesabu za bumu

Najua nimepotea muda mrefu sana, mpaka kuna watu wameanza kuulizana kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo, na sasa ni mwaka wa tatu! Nilikuwa nyumbani Ibighi kwa ajili ya TP, yaani mazoezi ya kufundisha, na huko nyumbani kumetokea mambo ambayo nimeshindwa kukaa nayo mwenyewe.

Leo ni Jumapili, mvua ya Novemba inanyesha tangu asubuhi, mwenzangu wa chumbani kaenda kanisani na mimi nimekaa kwenye kiti chenye mto chini ya kiuno. Simu nimeitega ilie kila baada ya dakika 30. Ikilia nasimama, natembea mpaka bombani na kurudi, halafu naendelea kuandika. Kwa hiyo mkiona habari inakatikakatika msinilaumu mimi, laumuni mguu wangu wa kushoto.

Na habari yenyewe ya leo ni hiyohiyo ya mguu.

Ilianza mwaka wa pili, mwezi wa pili. Maji yalikatika bloku nzima siku tatu na mimi nilikuwa nakaa ghorofa ya nne. Kwetu ndoo ya lita 20 sio kitu cha ajabu, nimeanza kubeba maji nikiwa mdogo. Ila kwetu tunabeba kichwani, mgongo umenyooka. Hapa chuoni mwanaume kubeba ndoo kichwani niliona aibu, nikaibeba kwa mkono mmoja, mwili umepinda upande kama mti wa pembeni ya korongo. Kwenye kona ya ghorofa ya tatu akapita dada mmoja (jina kapuni), nikageuka kumsalimia na ndoo yangu mkononi. Nikasikia kitu kimesema "ta!" kiunoni. Salamu sikuimaliza.

Kesho yake mgongo uliuma. Wiki iliyofuata mgongo ukapoa, mguu ukaanza. Wale mnaoyajua haya maumivu mtanielewa, na wale msioyajua sijui niwaelezeje. Sio kama kujigonga. Ni kama shoti ya umeme inayotoka takoni, inapita nyuma ya paja, inashuka kwenye shavu la mguu mpaka kidole cha mwisho. Saa nyingine unahisi moto, saa nyingine sisimizi, saa nyingine ganzi. Ukipiga chafya unaona nyota. Ukikaa kwenye lekcha ya saa tatu unatoka unachechemea kama mzee, na wenzako wanakucheka kwa sababu jana yake walikuona umesimama vizuri tu.

Nilienda zahanati moja, nikachomwa sindano tatu za kutuliza maumivu bila mtu kuugusa mguu wenyewe wala kuuliza ulianzaje. Zilipoisha nguvu maumivu yakarudi palepale. Kwenye korido ya bloku nako nikapata madaktari wengi wa bure. Mmoja akaniambia nifunge mkanda wa mgongo usiku na mchana. Mwingine akasema dawa ni kulala sakafuni mwezi mzima bila kutikisika. Huyu wa pili ndiye niliyemsikiliza. Nililala wiki mbili! Madesa nililetewa, chai nililetewa. Nilipoinuka, suruali ilikuwa inapwaya paja la kushoto na maumivu yalikuwa hayajaenda popote.

Miezi ikapita. Mwezi wa tano ndipo nikafika hospitali moja kubwa hapa Mbeya, daktari akanipima vizuri, akanigongagonga magoti, akaniinua mguu nikiwa nimelala chali, akaniandikia amitriptilini kidogo ya kumeza usiku, halafu akanipeleka fiziotherapia. Nikamkuta dada mmoja aliyesomea KCMC Moshi, chuo ambacho wataalamu wengi wa fani hiyo nchini wamepitia. Yule dada, mimi namwita mwalimu wangu. Hakuanza na mazoezi. Alianza kwa kunichorea.

Akanichorea pingili za uti wa mgongo na katikati yake diski, ambazo ni kama vimto vidogo, nje pana ganda gumu na ndani ni ute. Ganda likichanika, ute unatoka na kuugusa mzizi wa neva. Unaubana na pia unauwasha kwa kemikali zake. Mizizi hiyo ya kiunoni ikikutana ndio inafanya mshipa wa fahamu unaoitwa saiatika, mnene kuliko yote mwilini, na matawi yake yanafika mpaka vidoleni. Ndio maana kidonda kipo kiunoni na kelele ziko kidole cha mwisho. Akaniambia mara nyingi mwili wenyewe unaufyonza ule ute uliotoka, na watu wengi wanapata nafuu ndani ya wiki au miezi michache bila kupasuliwa. Lakini wapo ambao maumivu yanapita miezi mitatu, na hapo ndipo yanaitwa sugu. Mimi nikawa kwenye kundi hilo.

"Kwa hiyo dada, mguu wangu unaendelea kuharibika kila unapouma?" nikamuuliza. Hilo ndilo lilikuwa linaninyima usingizi.

Akacheka. Akasema, "Mdogo wangu, kwenu mna mbwa?" Nikasema tunaye. "Mbwa wa nyumba iliyowahi kuibiwa anakuwaje?" Nikasema anabweka ovyo, hata jani likidondoka. "Basi neva yako ni mbwa wa nyumba iliyoibiwa. Mwizi ameshaondoka, au yuko mbali, lakini mbwa bado anabweka. Huwezi kumuua, unamhitaji. Ila pia huwezi kujifungia ndani maisha yako yote kwa sababu anabweka. Unampitisha taratibu mbele ya wageni mpaka azoee."

Halafu akaniuliza swali ambalo ndio sababu ya kichwa cha habari hii. "Siku ukiamka huna maumivu, unafanya nini?" Nikajibu kwa kujisifu: nafua nguo zote, napiga deki chumba, naenda mjini, jioni nagusa mpira kidogo. "Na kesho yake?" Kesho yake nalala. "Siku ngapi?" Tatu, nne.

"Wewe," akasema, "unakula bumu siku ya kwanza."

Kwa wale ambao hamjapita chuo: bumu ni ile hela ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo. Inaingia kwa mkupuo. Wiki ile inapoingia chuo kizima kinanukia chipsi kuku, watu wananunua viatu, wanakopeshana kwa roho safi. Baada ya hapo unaanza kupiga pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku, chai unaisikia kwa jirani. Hela ilikuwa inatosha tangu mwanzo, ila hukuipangia. Na mimi nilikuwa naufanyia mwili wangu hivyohivyo, siku nzuri moja naitumia yote, halafu napiga pasi ndefu kitandani.

Akanipa kazi ya kufanya. Nichague siku ya kawaida, isiwe nzuri sana wala mbaya sana, nitembee mahali tambarare na saa mkononi, niangalie ni dakika ya ngapi maumivu yanavuka goti kushuka chini. Kwangu ilikuwa dakika ya 12. "Basi bajeti yako ni dakika 10," akasema. "Kila siku 10. Siku unajisikia simba, 10. Siku unajisikia vibaya lakini sio vibaya sana, 10 vilevile, hata kwa vipande viwili vya tano tano. Ukiamka kesho yake hali ni ileile ya jana, baada ya siku tatu unaongeza dakika moja." Dakika moja jamani! Mimi niliyekuwa beki wa kushoto wa timu ya kidato cha sita! Nilitoka pale nimekasirika, lakini nikafanya.

Basi mwezi wa saba nikaenda TP. Niliomba shule ya karibu na nyumbani ili nikae kwa wazazi, nipunguze gharama. Kutoka Mbeya mpaka Tukuyu ni kama kilomita 70, na kwa mtu mwenye saiatika kukaa ndani ya kosta iliyojaza, magoti yamegusa kidevu, ni mtihani kuliko UE. Nilishuka Kiwira nikanyoosha mguu, nikapanda gari nyingine. Nauli iliniuma ila sikujuta.

Wasioijua Ibighi, iko pembeni ya mji wa Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Ni kijani mwaka mzima, chai na migomba mpaka macho yachoke, na ukungu ukifunguka unauona Mlima Rungwe umekaa pale kama mzee wa ukoo. Pazuri sana. Lakini tambarare ya dakika 10 utaitafuta! Kila njia inapanda au inashuka, na ikinyesha udongo unateleza kama sabuni. Tambarare ya kweli niliyoipata ni kipande kifupi cha pembeni ya barabara kuu ya lami, ileile inayoteremka Kyela na mpakani Kasumulu, ambako malori yanapita usiku na mchana. Mwezi wa saba kwetu ni baridi na ukungu, na ile dawa ya usiku ilikuwa inaniacha na usingizi mpaka asubuhi. Kwa hiyo nikajiwekea sheria: sitoki mpaka kuwe kumepambazuka na usingizi umeniisha, navaa fulana nyeupe juu ya sweta, natembea upande ambao magari yanakuja mbele yangu, na siweki miziki masikioni.

Nikawa natembea hapo kila asubuhi. Dakika tano kwenda, tano kurudi. Siku ya nne baba akanisubiri uani.

"Kijana, kila asubuhi unatafuta nini barabarani?"

"Shikamoo baba. Nafanya mazoezi ya mguu."

"Mazoezi ni jembe," akasema, akachukua kikapu chake akaenda shambani kwenye chai.

Nisiwafiche, iliniuma kuliko mguu. Mtoto wa kiume, mkubwa, msomi, anatembea barabarani mikono mitupu wakati baba yake mwenye umri wake anachuma chai. Na majirani nao walikuwa wameanza. Ugonjwa usioonekana una shida hiyo. Ningekuwa na bandeji au plasta, watu wangenipa pole. Mguu wangu unaonekana mzima, kwa hiyo ugonjwa wangu ulikuwa na jina moja tu kijijini: uvivu.

Nadhani ndio maana nilifanya ujinga nilioufanya wiki ya sita. Nilikuwa nimefika dakika 20. Siku tano mfululizo nilikuwa naamka mguu kimya. Ijumaa ikatangazwa mechi, walimu dhidi ya wanafunzi, na walimu walikuwa pungufu. Kabla ya mechi mzee mmoja pale uwanjani akaanza kutukumbusha Tukuyu Stars, Banyambala, walivyopanda daraja na kuchukua ubingwa wa Bara 1986, timu ya milimani ikawaacha wakubwa wa Dar es Salaam wanashangaa. Damu ikanichemka. Nikasema isiwe tabu, nacheza dakika 20 tu, si ndio bajeti yangu? Lakini dakika 20 za kutembea sio dakika 20 za kukimbia, kugeuka ghafla na kurukia kichwa. Na wala sikutoka dakika ya 20. Nilitoka ya 60, tumeshinda, nimebebwa juu juu.

Usiku ule nililala vizuri. Hilo ndilo linalodanganya watu wengi: maumivu ya neva mara nyingi bili yake haiji palepale, inakuja kesho au keshokutwa. Jumapili sikuweza kuvaa soksi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda na soksi mkononi, machozi yananitoka, mwanaume wa miaka 23. Na Jumatano supavaiza kutoka chuo alikuwa anakuja kunitathmini. TP ukifeli hakuna kumaliza chuo, mnajua wenyewe.

Jumatatu na Jumanne sikulala moja kwa moja, nilikuwa nimeshajifunza. Nilirudi kwenye dakika tatu tatu, ndani ya ua, mara nne kwa siku. Nililala ubavu na mto katikati ya magoti. Jumatano nikaenda kwa bodaboda mwendo wa konokono, andalio la somo mkononi, nikafundisha uundaji wa maneno kidato cha pili nikiwa nimeegemea meza. Supavaiza aliponiuliza mbona sizunguki darasani nikamwambia ukweli. Akasema leta kiti ukae, mwalimu anafundisha kwa mdomo. Nilipita. Lakini ilinichukua wiki tatu kurudi kwenye dakika 20 zangu. Wiki tatu kwa ajili ya mechi moja!

Sasa nije kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike.

Mama yangu ana kisukari, huu ni mwaka wa nane. Siku zote usiku miguu yake anaitoa nje ya blanketi, hata katika baridi ya Julai ya Tukuyu ambayo maji yanakata vidole. Anasema nyayo zinawaka kama amekanyaga majivu ya moto. Sisi watoto tulizoea, tukawa tunamtania. Nilipomweleza mambo ya neva, sukari ikiwa juu miaka mingi inavyoharibu neva za miguuni, zile ndefu zilizo mbali na moyo, akanyamaza, halafu akasema, "Kumbe ndugu yangu ni wewe." Kesho yake asubuhi nikamkuta mlangoni amejifunga khanga na sweta, tayari kutembea na mimi.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Tukawa tunatembea wawili, tunasalimia watu, "ugonile, ugonile", na maneno ya kijijini yakapungua kwa sababu nani atamwita mama yangu mvivu? Nikamfundisha kanuni yangu: maumivu yakiongezeka sana mama sema, tunapumzika. Kila nikimuuliza anasema haumwi. Nikajua tunaenda vizuri.

Siku ya tisa tuliporudi akavua yeboyebo zake mlangoni na mimi nikaona alama nyekundu sakafuni. Nikafuata alama. Kwenye unyayo wake wa kulia kulikuwa na kijiti kama nusu ya njiti ya kiberiti kimeingia, na pembeni damu imeshaganda. Maana yake alitembea nacho muda mrefu.

"Mama, hukusikia?"

"Nisikie nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilikuwa nimempa mama kanuni ya mguu wangu. Mbwa wangu anabweka ovyo, kwa hiyo somo langu ni kutomwogopa. Mbwa wa mama usiku anabweka bila mwizi, na mchana mwizi anaingia yeye yuko kimya. Kwake kutosikia maumivu hakukuwa habari njema hata kidogo.

Tulienda hospitali siku hiyohiyo. Wakamtoa kijiti, wakamsafisha, wakamchoma sindano ya pepopunda. Halafu muuguzi akamwambia afumbe macho, akachukua kiuzi cha plastiki kama cha kuvulia samaki, akawa anamgusa nyayo. "Mama, kila ukisikia nimekugusa sema ndiyo." Mama amefumba macho, anasubiri. Muuguzi anagusa kidole gumba, anagusa katikati, anagusa kisigino. Mama kimya. Mwisho mama akauliza kwa upole, "Mwanangu, bado hujaanza?"

Sitaisahau ile sauti.

Muuguzi akatufundisha, na haya nayaandika kwa kirefu kwa sababu najua wengi mna mama, baba au bibi wa aina hii. Mwenye kisukari kutembea ni dawa, kunasaidia kushusha sukari, lakini mguu uliokufa ganzi una masharti yake. Asitembee peku wala na ndala, hata uani. Viatu viwe vya kufunika, laini, visibane, na kabla ya kuvaa avikung'ute na kupitisha mkono ndani. Kila jioni miguu iangaliwe juu, chini na katikati ya vidole, kama haoni vizuri mtoto amwangalizie. Maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko, sio kwa mguu. Asiote moto miguu, na hili kwetu ni gumu kweli, maana jioni za Tukuyu familia nzima inazunguka jiko na wa kwanza kusogeza miguu ni mama. Kama anatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari sana, asitoke bila kula, na mfukoni awe na pipi au sukari. Na akiwa na kidonda chini ya mguu, hakuna kutembea mazoezi mpaka kifunge. Afanye akiwa amekaa.

Basi mama alikaa wiki tatu. Asubuhi nilimkalisha kwenye kiti, anainua mikono, ananyoosha goti moja moja, anainuka na kukaa mara chache kwa kushika meza huku uzito ameuweka kwenye mguu mzima. Alikuwa anacheka, anasema nimemrudisha chekechea. Jumamosi ya wiki ya tatu kidonda kilikuwa kimefunga. Jioni ile baba akarudi kutoka sokoni Tukuyu na mfuko mweusi. Akatoa raba za mtumba, nzuri, namba moja zaidi ya mguu wa mama. Akaniambia muuzaji alitaka kufunga akamkatalia, kwa sababu alisikia kwamba viatu vinanunuliwa jioni mguu ukiwa umeshavimba. Alisikia wapi? Kumbe siku zote nilizokuwa naeleza pale jikoni alikuwa anasikiliza. Halafu kabla ya kumpa mama, akazikung'uta moja moja, akaingiza mkono mpaka mwisho wa kidole.

Hakusema kitu kuhusu jembe. Na mimi sikusema kitu.

Alamu imelia, nimeenda bombani nikarudi. Nimalizie.

Sasa hivi chuoni nimehamia chumba cha chini. Kwenye lekcha nakaa nyuma karibu na ukuta, nikichoka nasimama, wameshanizoea. Maji nabeba madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, aibu imeisha. Natembea dakika 25, siku tano kwa wiki. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linasema watu wazima, hata wenye magonjwa sugu, wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwamba kidogo ni bora kuliko hakuna. Mimi nina 125. Nilizobakiza nitazifikia, sina haraka. Na yule wa korido aliyeniambia mkanda, mwongozo wa shirika hilohilo wa 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo unataja mazoezi kati ya vinavyosaidia, na mikanda umeiweka kati ya visivyopendekezwa kutumiwa kwa mazoea.

Mambo yanayonisaidia mimi ni haya, ila msinakili dozi yangu, kila mtu apimwe kwanza:

- Maumivu yakiongezeka kidogo wakati wa zoezi na kesho asubuhi yamerudi palepale, naendelea. Yakibaki juu mpaka kesho yake, napunguza, siachi.
- Naangalia yanaelekea wapi. Yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, hata kiuno kikiuma zaidi kidogo, mara nyingi ni dalili nzuri. Yakishuka kuelekea kidoleni, nimekosea kitu.
- Neva haivutwi kama raba. Zoezi langu la kunyoosha goti nikiwa nimekaa nalifanya taratibu, naenda na kurudi, nikianza tu kuhisi mvuto narudi.
- Siku nzuri sina haki ya kutumia zaidi ya bajeti. Hii bado ndiyo ngumu kuliko zote.

Na kuna mambo ambayo hayasubiri mazoezi wala ushauri wa korido: mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, haja kubwa kushindwa kuizuia, ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, au mguu kuzidi kulegea mpaka unaburuza unyayo. Ukiona hata moja, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Yule dada alinikaririsha haya kabla ya kunifundisha zoezi lolote.

Mchana huu nimempigia mama. Kanisani alienda kwa miguu, akarudi kwa miguu, na raba zake. Nikamuuliza jioni atatembea tena? Maana sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba nguvu.

"Hapana," akasema. "Leo nimeshatumia. Zilizobaki ni za kesho."

Haya, alamu ya pili hiyo. Jumatano nina test na sijagusa desa hata moja. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.